Sataranji ya Dirisha la Kufulia

Umemwona, usijitie hujui. Kila unapokuja hospitali kumwangalia mgonjwa wako unapita palepale, unamwona mzee ameketi peke yake kwenye benchi, ubao wa sataranji kando yake, na ghafla unakumbuka kuangalia simu.

Saa mbili asubuhi, chini ya dirisha la chumba cha kufulia, mzee huyo anamrudisha askari wake hatua moja nyuma. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani kama mzigo aliopewa amshikie mtu.

Dirishani anatokea mama mwenye aproni iliyolowa hadi kifuani. Ni mkewe. Anautazama ubao, mvuke ukimfuata mgongoni.

“Haya, Fundi. Umemrudisha kwa nini?”

Mzee anafungua mdomo. Neno halitoki. Ndani, mashine ya pasi imeshameza shuka. Itaitema baada ya dakika nne. Mama anasubiri. Hamsaidii.

“Kame... kamesahau... funguo.”

“Kaaskari kamesahau funguo! Kama mwenyewe!” Mama anacheka, ananyoosha mkono kupitia dirishani, anasogeza farasi wake, kisha anaikimbilia shuka.

Ndivyo wanavyocheza siku nzima, kati ya shuka na shuka. Kwa zamu moja mama hupiga pasi shuka mia moja na kumi, na miguu yake huvimba kabla ya saa sita mchana.

Na wewe, ikiwa umewahi kuleta mtu hapa, mzee huyu unamjua kuliko unavyokiri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa lifti za hospitali hii. Siku umeme ulipokatika na lifti ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na ndani yumo mjamzito mwenye uchungu wa kuzaa, yeye ndiye aliyelala kifudifudi juu ya paa la lile sanduku la chuma saa tano nzima, mkono mmoja kwenye mtambo, akiwatania waliomo kupitia tundu la feni wasije wakapagawa. Mtoto alizaliwa wodini, salama. Siku hiyo watu walimbeba Fundi juu juu. Leo wanamruka miguu wapite.

Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Kiliuchukua mkono, kikachukua na maneno. Sataranji, mchezo aliomfundisha mkewe mwaka waliooana, kiliiacha, ila kiliipindapinda. Siku ya kwanza mama alipompangia kete, mzee alimshika askari akamrudisha nyuma, na kila anayecheza anajua askari hana ruhusa ya kurudi.

“Nilishafungua mdomo nimwambie hairuhusiwi,” anasema mama. “Nikamtazama usoni. Nikamuuliza tu, kwa nini? Tukakaa pale mpaka chai ikapoa. Akaniambia, ‘Kikipanda... kishuke.’ Fundi lifti huyo! Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu augue. Nikamwambia, basi mume wangu, hiyo ni sheria. Na mimi nikamrudisha wa kwangu.”

Mchezo wao mpya ulizaliwa hapo. Kila kosa la mzee linakuwa sheria kwa wote wawili, mradi alitolee sababu kwa sauti. Asipoitoa, kete inarudi ilikokuwa. Sheria zimeandikwa kwenye kipande cha shuka kuukuu kilichotundikwa dirishani, kwa wino uleule wa kuwekea shuka alama za wodi. Ya tano: farasi akiwa kando ya malkia hatembei, “anaona haya.” Ya kumi na moja: mfalme anaweza kubadilishana nafasi na askari yeyote, mara moja, “naye akaonje.”

Usidhani anaonewa huruma. Kuna siku mama alimwachia malkia makusudi. Mzee akaupiga ubao kofi, kete zikatapakaa hadi mtaroni.

“Sitaki... sadaka!”

Mama aliziokota moja moja, akicheka, akilia. Tangu siku hiyo hamwachii kitu, na mzee humfunga mara tatu katika kumi.

Nje ya mchezo huo hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza amemweleza mama wazi kwamba maneno hayo yasipotumika kila siku, yatafungika tena.

Marafiki? Walikuwepo, wakijaza sebule yake kila Jumapili. Baada ya kiharusi alikuja mmoja, mwenyekiti wa klabu yao ya sataranji, akacheza nusu mchezo akainuka.

“Shemeji, hii si sataranji. Hii michezo ya watoto.”

“Basi shemeji, uwe unakuja hata kwa hiyo ya watoto.”

Hajarudi.

Kuanzia Jumatatu mama anahamishiwa chumba cha kukaushia, upande wa pili wa jengo. Huko hakuna dirisha. Alimwendea msimamizi, akaambiwa hospitali si uwanja wa michezo. Msimamizi huyo huyo hupanda ghorofa ya nne kwa lifti kila asubuhi.

Jana mama alimweleza mumewe.  Mzee akamshika mfalme wake, akamtoa kabisa ubaoni, akamsimamisha kwenye ncha ya benchi iliyo tupu.

“Kwa nini, Fundi?”

Ndani mashine ikatema shuka. Mama hakwenda.

“Anamngoja... mgeni.”

Hiyo ni sheria ya kumi na saba. Mama aliiandika chini ya ile ya kumi na sita.

“Ninaomba mtu mmoja tu,” anasema, akijifuta uso kwa pindo la aproni. “Hata kama hajui kucheza, mume wangu atamfundisha. Akikosea, aseme sababu.”

Basi wewe, itie simu mfukoni. Nenda leo, mama angali dirishani akuoneshe sheria, na Jumatatu saa mbili urudi. Utamkuta mfalme kwenye benchi. Mrudishe ubaoni, ukae mahali pake. Mzee akimrudisha askari nyuma, usimsahihishe. Muulize kwa nini, halafu ngoja.