Malalamiko Tisini na Mawili

Salkinai alikuwa afisa uhusiano wa shirika lenye wafanyakazi watatu. Wa pili alikuwa dereva. Wa tatu alikuwa mkurugenzi, Kaka Sagynbek, daktari wa mifugo wa zamani ambaye magoti yalimkataza kuendelea kukimbizana na farasi. Ghala lao lilikuwa pale At-Bashi, mji mdogo wa bondeni, nyuma ya kinu cha unga, na ndani yake mlikuwa na vitanda vya wagonjwa, viti vya magurudumu, magongo na viti vya choo. Mwenye mgonjwa nyumbani aliazima bila kulipa, akakirudisha kifaa mgonjwa akipona au akizikwa. Kazi ya shirika ilikuwa hiyo tu, haina kona wala chenga.

Salkinai mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kochkor, aliyeolewa katika bonde hili miaka kumi na tisa iliyopita. Mumewe aliendesha lori huko Urusi na kurudi kila majira ya kukata majani ya mifugo. Zamani Salkinai alifundisha hesabu katika shule ya msingi. Uafisa uhusiano aliusomea siku tatu, kwenye semina mjini Naryn, na cheti chake kilitundikwa ghalani juu ya magongo, mahali pekee palipokuwa na msumari.

Mwaka ule, mwezi wa Agosti, mfuko mmoja wa ufadhili wa Bishkek, mji mkuu, uliokuwa ukiwalipia mafuta ya gari na mishahara uliandika barua. Ulitaka ushahidi kwamba shirika lina faida kwa watu, ushahidi uliokusanywa kitaalamu. Salkinai alifurahi, maana hilo ndilo walilofundishwa siku ya pili ya semina. Aliandika hojaji ya maswali kumi na manne. Alihesabu nyumba za vijiji vinne, akachagua kila ya tano mpaka zikatimia mia, akazizungukia zote kwa wiki tatu.

Majibu yalikuwa mia moja, na yote mia yalisema: nimeridhika sana. Saba kati yao hawakuwahi kuazima kitu. Mzee mmoja aliridhika sana na jinsi shirika lilivyomchanjia ng'ombe wake, kazi ambayo Kaka Sagynbek aliifanya zamani akiwa bado serikalini, kabla shirika halijazaliwa.

Aliitisha pia kundi la majadiliano, wanawake kumi na wawili. Mkubwa wao alikuwa Apa Uulkan, apa yaani mama mzee, wa miaka themanini na sita, na kwa hiyo ndiye aliyeanza kusema. Alisema shirika ni zuri. Wengine kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, walisema ni kama alivyosema Apa. Kanda aliyorekodi ilikuwa na dakika nne, tatu kati yake ni dua. Chakula kilichukua saa mbili na nusu.

Kaka Sagynbek alipiga muhuri ripoti ile kwa mikono miwili. Baada ya siku tano simu ililia kutoka Bishkek. Alikuwa Venera Asanovna, mama wa makamo aliyesimamia mfuko ule, mtu asiyepandisha sauti hata kidogo.

"Salkinai," alisema, "hata mama yangu mzazi hapendwi na watu mia kwa mia."

Salkinai akasema huku kwao watu ni wenye shukrani.

"Shukrani naijua. Nimezaliwa Talas mimi, si mwezini. Wewe niambie mnakosea wapi, ndipo nami niweze kuwaambia wenye mfuko mnafaa nini. Karatasi hizi haziniambii hata kama mpo."

Aliwapa mpaka mwisho wa Oktoba. Kama hakuna la maana, mfuko utapelekwa bonde lingine, ghala litafungwa na vifaa vitakusanywa. Siku ile vitanda ishirini na viwili vilikuwa majumbani, kila kimoja na mtu juu yake. Ili kuchukua kitanda sharti kwanza umtoe mtu. Wa kufanya kazi hiyo wangekuwa dereva na Salkinai.

Basi akaanza upya, na safari hii aliomba waziwazi kuambiwa mabaya. Aliingia nyumba, akaketishwa mbele kabisa, mahali pa mgeni wa heshima panapotazamana na mlango, akawekewa mkate, malai na jamu ya aprikoti kavu, akauliza ni kitu gani katika huduma yao kinawakera. Kila alipouliza walimwongezea jamu. Nyumba ya tatu walichinja kondoo. Nyumba ya nne mwenye nyumba, mzee aliyepooza miguu, alimtazama kwa huzuni akamuuliza: "Mwanangu, nani kakwambia tumewasema vibaya?" Siku ya pili yake kiti chake cha magurudumu kilionekana mlangoni pa ghala, kimeoshwa na kufungwa kitambaa cheupe. Mzee alikuwa amekirudisha kwa heshima, naye amebaki sakafuni. Salkinai na dereva walikirudisha saa hiyo hiyo, wakaomba radhi, wakalishwa tena.

Kaka Sagynbek akasema utafiti ule sasa unaumiza watu. Salkinai naye aliona hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata hakwenda popote. Mama mkwe wake, Apa Batma, alialika majirani watano kuchambua sufu, na Salkinai akakaa pale anapokaa mkamwana siku zote: karibu na mlango, birika mkononi, mgongo kwenye baridi. Alimimina chai kidogo kidogo, kina cha vidole viwili tu ndani ya kibakuli, kwa sababu kibakuli kikijaa maana yake kunywa uende zako. Kikirudi, anamimina tena. Mikono ya wanawake ilichambua sufu, na vinywa vikachambua watu.

Wakafika kwenye vitanda. Jirani mmoja akasema kitanda alicholetewa mama yake kirefu kama farasi, kupanda mpaka asukumwe. Mwingine akasema chake kinalia kama mlango wa zizi, na godoro lina harufu ya dizeli. Wa tatu akasema gongo walilompa lilikuwa la mtu mrefu, kalikata mwenyewe kwa msumeno, na sasa ni la mtu mfupi. Apa Batma akasema kile kiti cha choo kilichokuwa cha marehemu mumewe kilikuja na dereva aliyekibeba kichwani kijiji kizima kikiona.

Kati ya kibakuli cha kwanza na cha nne Salkinai alihesabu malalamiko kumi na moja. Alikuwa ameketi mita moja kutoka kwao. Hakuna aliyeshusha sauti.

Wageni walipoondoka alimuuliza mama mkwe: "Apa, mbona nilipokujia na fomu ulisema umeridhika sana?"

"Ulikuja na kalamu, umevaa koti," alisema Apa Batma. "Mgeni hapewi uchungu na mkate pamoja. Wewe ni mkamwana. Mkamwana nakwambia mpaka magoti yanavyoniuma."

"Kila siku unaniambia, Apa."

"Na bado hujaniletea ile dawa ya kuchua."

Kwenye semina hawakufundishwa habari ya mahali pa kukaa. Walifundishwa maswali yaulizwe vipi, watu wachaguliwe vipi, majibu yahesabiwe vipi, na yote hayo Salkinai aliyafanya sawasawa akiwa ameketi upande usiofaa wa chumba.

Jumatatu akaanza tena. Alivaa kilemba cha nyumbani. Alitaja jina la shirika mlangoni, akasema wazi kwamba amekuja kusikia habari za vifaa na kwamba yatakayosemwa atayaandika. Halafu badala ya kwenda mbele alimwambia mkamwana wa nyumba ile, nipe hilo birika nawe upumzike kidogo, akakaa mlangoni. Wenyeji walipinga mara tatu kama inavyopasa. Kibakuli cha kwanza walimkumbuka. Cha pili walimtazama kwa pembe ya jicho. Cha tatu walikuwa wamemsahau, na yeye akamimina vidole viwili, vidole viwili, mpaka habari ikaisha. Mwishoni alitoa daftari na kuwasomea aliyoyasikia, akawauliza kama anaweza kuyapeleka Bishkek. Wachache waliomba moja lisiandikwe. Wengi waliongeza.

Aliyelalamika kuliko wote alikuwa Apa Kanymbubu wa kijiji cha juu, ambaye mumewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha shirika mwaka wa pili sasa, upande mmoja wa mwili umekufa, akisema neno moja moja na siku nyingine asiseme kabisa. Apa Kanymbubu alikuwa na malalamiko kumi na tisa. Kitanda kirefu, mgongo wake umekwisha kwa kumgeuza mzee. Breki ya gurudumu moja haishiki. Shuka za shirika ni fupi. Na yule mkurugenzi wenu, alisema, kila akileta kitu lazima ahutubie. Alileta mpira wa kulalia wa kuzuia vidonda akahutubia robo saa, nyama ikaungua.

Salkinai akamimina. Kisha akauliza swali la kumi na nne la hojaji, ambalo watu wote mia walikuwa wamelijibu kwa dua: tukilifunga ghala na kuja kuchukua kitanda, itakuwaje?

Apa Kanymbubu aliweka kibakuli chini. Akaweka mkono kwenye chuma cha kitanda.

"Mje wengi," alisema. "Na mje na wenye nguvu. Mimi nitakuwa nimekikalia, na mimi si mwepesi kama huyu."

Salkinai akaliandika hilo neno kwa neno.

Ripoti ya pili ilikuwa na malalamiko tisini na mawili. Walioridhika sana walikuwa thelathini na mmoja katika mia. Wasiokubali kurudisha kifaa hata wakiombwa na serikali walikuwa wote wanaokitumia, bila kubakiza mtu. Salkinai aliweka mambo hayo mawili ukurasa mmoja, moja chini ya lingine, bila maelezo.

Kaka Sagynbek aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Hii nipige muhuri?" aliuliza. "Nijitukane mwenyewe, kwa wino wangu?"

"Hujatukanwa, kaka. Umeelezwa."

"Nambari arobaini na saba ni mimi."

"Na nambari hamsini na mbili."

Alitafuta hamsini na mbili. Ilikuwa hotuba tena, kijiji kingine, safari hii kwenye kukabidhi gongo. Akauliza kama watu wanaziona kweli hotuba zake ndefu. Salkinai akamwambia kwamba hilo alilisikia katika nyumba sita, lakini wenye nyumba nne walisema wasiandikwe. Kaka Sagynbek akatoa muhuri kwenye droo, akaupulizia pumzi, akaugonga mara moja tu.

Venera Asanovna alipiga simu siku mbili kabla Oktoba haijaisha. Alisema ameisoma mpaka mwisho, na kwamba ukurasa wa tisa amewasomea wenye mfuko kwa sauti, ule wa mama anayekalia kitanda. Ghala litaendelea miaka miwili. Ila alitaka kuona, kufikia masika, wamerekebisha mangapi.

Walianza na kijiji cha juu. Dereva alikata miguu ya kitanda kiasi cha shubiri moja, mzee akiwa amehamishiwa kwenye magodoro, na Salkinai akafunga breki mpya. Kaka Sagynbek alibeba shuka ndefu, akazikabidhi kwa mikono miwili, akarudi nyuma akasimama karibu na ukuta amefunga mdomo. Apa Kanymbubu alimtazama kwa mashaka, akanong'ona kumuuliza Salkinai kama mkurugenzi anaumwa.

Walimrudisha mzee kitandani. Alijipapasa pembeni, akaona sakafu iko karibu. Kisha jicho lake zima likamtafuta Kaka Sagynbek ukutani.

"Leo," alisema mzee, akavuta pumzi, "hasemi?"

Mkewe akasema wamemwambia asiseme, anachosha watu.

"Mimi," mzee akasema, "hanichoshi." Ikapita pumzi nyingine, ndefu. "Huyu tu... huongea na mimi. Nyinyi mnaongea juu yangu."

Apa Kanymbubu akashika ncha ya shuka, akaikunja, akaikunjua. Dereva akatoka kwenda kuangalia msumeno. Salkinai alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika tarehe, na chini yake: mtu mmoja anataka hotuba.

Kaka Sagynbek akavuta kigoda mpaka pembeni mwa kitanda, akaketi taratibu kwa ajili ya magoti, akakohoa kusafisha koo.

"Aksakal, mzee wetu mheshimiwa," alianza, "katika siku hii ya leo..."

Apa Kanymbubu akaenda kutoa nyama jikoni mapema.