Dirisha la Mezani kwa Baba Mkwe

Mume wangu alirudi kutoka semina Mbeya akiwa na neno jipya: kubana umeme. Akasema dirisha zuri huzuia joto lisiingie na baridi isitoke. Nikamuuliza baridi ipi, maana huku Mwaya, kando ya ziwa, baridi tunaisikia tu kwa watu wa Tukuyu kule milimani. Akanitazama kama mtu asiyependa maendeleo, akaenda kumtafuta fundi.

Lakini sababu yake hasa ilikuwa baba yake. Mzee amefiwa na mke, anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma, na sisi tupo nyumba ndogo nyuma yake. Tangu mvua zianze, chakula nilichompikia kilikuwa kinarudi karibu kama kilivyokwenda, na mzee alikuwa anakonda. Mume wangu akasema ni joto: madirisha ya mbao yamevimba kwa maji, hayafunguki wala hayafungiki, feni inazunguka kutwa na umeme unaisha upesi. Wifi yangu akapiga simu kusema labda ni chumvi yangu. Nilikasirika jamani. Wali wa Kyela unaonukia mpaka barabarani, na samaki mbasa mbichi wa Matema, halafu chumvi?

Kumuuliza mwenyewe nisingeweza. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wala haongei naye. Kinyakyusa tunaita ukutila. Mchungaji anasema mambo hayo yamepitwa na wakati, ila mke wake ndiye wa kwanza kujibanza kwenye migomba mkwewe akipita. Madirisha ya zamani yalinistahi: kabla hayajavimba, bawaba zikilia najua mzee anafungua, nageukia kwingine. Chakula anapeleka mume wangu, na mzee humwambia weka hapo, nenda. Wazee aliozoea kula nao sahani moja wamekwisha, na mbele ya mtoto wake hataki kula.

Basi fundi akaja na aluminiamu zake na vioo vyeusi vinavyong'aa. Mapazia yakatolewa, ya nini tena? Kwa vioo hivyo, mchana aliye ndani anakuona, wewe wa nje unajiona mwenyewe. Sikujua mzee yuko dirisha gani, kwa hiyo nikawa kutwa nzima namkimbia mwanamke mmoja aliyevaa kanga yangu.

Nyumba ilipoa, sikatai. Feni ilipumzika. Chakula kikaendelea kurudi, na mume wangu akasema tumpe mzee muda, joto la miaka mingi halitoki mara moja.

Jioni moja giza limeshaingia, matone yakaanza na kakao yangu bado ipo kwenye jamvi, upande wa nyumba kubwa. Mvua haijui ukutila. Nikachukua beseni nikakimbia. Kumbe vioo vile, nje kukiwa giza na ndani taa inawaka, vinageuka: wa nje ndiye anayeona. Fundi hakutuambia, na msomi wetu wa semina hakuuliza.

Mzee alikuwa mezani. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wake wote. Alichota wali, mkono ukatetemeka, kijiko kikafika mdomoni kitupu. Akaanza kuokota punje kwenye shati lake harakaharaka, kama mtu aliyefumaniwa, na chumbani hakuna mtu. Akajaribu tena. Kisha akaisukuma sahani. Beseni likaniponyoka, likagonga ukuta, naye akainua kichwa akatazama dirishani kwa muda.

Nilizoa kakao huku nalia. Nikimwambia mume wangu kwamba baba yake hawezi kujilisha, ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, mzee anakufa njaa mbele ya wali wangu. Nilikaa jikoni nikiuchukia wali, nikayachukia na madirisha.

Kesho yake nikapika uji mzito wa mchele, samaki nimemchambua na kumponda humo humo, nikautia kwenye kikombe kikubwa cha bati cha kushika kwa mikono miwili. Nikakijaza nusu tu. Mume wangu akauliza nani mgonjwa. Nikamwambia peleka, acha maswali. Kikombe kilirudi kitupu. Na cha jioni kikarudi kitupu. Baada ya muda mashati yakaanza tena kumkaa mzee mabegani.

Mume wangu sasa hashikiki. Kijiji kizima kimesikia jinsi joto lilivyotoka na hamu ya kula ikarudi, na jirani mmoja ameshamwita fundi. Mimi namwacha aseme. Ni uongo? Dirisha limefanya kazi.

Halafu juzi akaingia jikoni anacheka.

"Baba ana vituko," akasema. "Anataka mapazia yarudi madirisha yote, ila lile la mezani liachwe wazi. Hasa jioni. Eti anapenda kuangalia nje."

Jioni, taa ikiwa inawaka, aliyeketi pale mezani haoni nje hata kidogo. Anaona uso wake. Mzee anakaa pale kila siku, analijua hilo kuliko mimi. Anayeona ni aliye nje na beseni. Nikainama kama ninayepuliza moto.

"Basi liache wazi," nikamwambia. "Mtu mzima akipenda kuangalia nje, mwache aangalie."