Mbingu Aliyoipaka Sylvester

Mimi sina subira na watu wanaosema Sylvester ni mjinga. Waje waniambie mimi, Kauthar, fundi cherehani hapa Mugumu. Duka langu na studio yake ya picha tunagawana ukuta, namjua kuliko wao. Sylvester si mjinga. Ana moyo wa kuamini, na huo ndio ugonjwa wenyewe.

Alikuja hapa kutoka Kisaka na suruali mbili, akanunua kamera ya mtumba. Watalii wanaopita kwenda geti la Ikoma aliwaona na filta, kile kioo cha mviringo kinachofungwa mbele ya lenzi. Ukikizungusha, mbingu iliyofifia inageuka bluu nzito na mawingu yanajitokeza meupe. Yeye hakuwa nacho, akajifunza kuiga kwenye kompyuta. Nimekaa nikamwangalia mara nyingi, nikingoja wateja wangu. Anaikamata rangi ya bluu peke yake, anaipunguzia mwanga polepole, mawingu hayagusi. Kisha anavuta giza kutoka juu liishe taratibu kabla ya kufika kwenye miti, maana, anasema, mbingu ya kweli haikolei sawa kila mahali. Ukizidisha, kichwa cha mtu kinazungukwa na mstari mweupe kama malaika wa kwenye kalenda. Nilimcheka sana kwa hao malaika wake wa mwanzo.

Watu wakapenda. Maharusi, watoto wa komunyo, vijana waliotoka jandoni, wote walitaka mbingu ya Sylvester.

Picha aliyoionea fahari kuliko zote aliiweka dirishani. Ni ya mama yake, Bibi Mokami, amesimama mbele ya nyumba yake ya nyasi kule Kisaka, siku mwanawe alipofika nyumbani na kamera kwa mara ya kwanza. Nyuma yake mbingu ya bluu, mpaka unatamani kuigusa. Nakala nyingine mama aliitundika ukutani kwake. Nilipokwenda kumsalimia, kabla sijakaa vizuri, alinivuta mkono. "Tazama, mama. Siku mwanangu aliporudi, Mungu aliifungua mbingu." Kila mgeni aliambiwa maneno hayo.

Sasa, Nashoni. Nikilitaja hili jina ulimi unaniwasha. Nashoni ni jirani wa Bibi Mokami na rika la Sylvester, walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, wakasimama bega kwa bega bila kupepesa. Kwa Wakurya rika si rafiki. Rafiki unaweza kumkatalia. Rika akija anakaa kitandani kwako, anakula chungu chako, na ukinung'unika wewe ndiye mwenye makosa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane Sylvester alikwenda Kisaka kumpigia Nashoni picha ya nyumba yake mpya ya bati. Akamsalimia mama yake, akanywa uji, akawahi kurudi mchana maana alikuwa na harusi. Kesho yake asubuhi, sijafungua hata mlango vizuri, pikipiki ya Nashoni hiyo hapo.

"Shikamoo, Mama Dullah," akaniamkia, adabu tele.

"Marahaba, baba."

Sylvester alifurahi kama mtoto. Akaniomba chai, nikapeleka birika na chapati, nikabaki pale pale kuchungulia picha, umbea wangu naujua. Akamuuliza mwenzake, "Mama umemwona?"

"Mama mzima, mura," akasema Nashoni, akimwita kijana mwenzake kwa Kikurya, akichovya chapati. "Hana neno."

Nimeyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Mama mzima. Hana neno.

Picha ikafunguliwa. Nyumba inang'aa, lakini mbingu ilikuwa nyeupe-nyeupe, na upande wa shamba la Nashoni kulikuwa na doa limepanda, limelala kuelekea kushoto. Sylvester akasema ni utusitusi wa kiangazi. Nashoni akasema ni vumbi, mbingu ikolezwe kama ile ya mama dirishani. Sylvester akaishusha bluu, kote kukatii, lakini pale penye doa pakakataa, maana hapakuwa na bluu ya kushusha.

"Hapa pagumu," akasema.

"Papake," akasema Nashoni, kidole kimegusa kioo. "Papake kwanza, ndipo uikoleze."

Akapaka bluu kwa mkono, akaikoleza. Doa likaisha. Nashoni akaomba tarehe iandikwe pembeni na muhuri wa studio upigwe nyuma. "Na ile chafu ifute, mura, isije ikanitia aibu." Sylvester akaifuta kwenye kompyuta na kwenye kamera, mwenzake akiwa ameinama begani kwake kuhakikisha. Mimi nikadhani ni majivuno ya nyumba ya bati. Wallahi, nilimcheka.

Adhuhuri simu ikalia. Ni Boke, jirani wa Kisaka. Nyumba ya Bibi Mokami ilikuwa imeungua jana yake jioni, yote, na ghala la mtama. Simu ya mama imeungua humo humo, na Boke alihangaika mpaka akaipata namba kwa mchungaji. Mama alilala kwa Boke na nguo aliyovaa. Watu wote wa kitongoji walibeba maji, na Nashoni alikuwa miongoni mwao.

Jamani! Mtu amebeba ndoo kwenye nyumba inayoteketea ya mama wa rika lake, asubuhi anakuja kunywa chai na kusema mama mzima!

Bibi Mokami alisema moto ulitoka shambani kwa Nashoni. Alimwona tangu mchana akichoma mabua, upepo ukageuka. Nashoni akakana, akasema ni cheche za jiko la mama mwenyewe. Pale kwao aliyechoma ndiye hujenga. Lakini anayemsingizia mtu moto, majirani hawainui hata mti mmoja kumjengea. Kwa hiyo mama alikuwa na mawili: aaminiwe apate nyumba, au azeekee kwenye kibanda cha kuazima akiitwa mwongo.

Ikaitwa ritongo, baraza la wazee. Nilifunga duka nikaenda na Sylvester, nikaketi pembeni na wanawake. Mzee Heche alimpa Nashoni nafasi ya kujitetea, naye akaitoa picha mfukoni, akaipitisha mkono kwa mkono.

"Wazee wangu, panapofuka moshi pana moto. Nionyesheni moshi hapa. Tarehe ni hiyo, shamba langu ni hilo. Na aliyepiga si mtu wangu. Ni mwanawe mwenyewe, muhuri wake uko nyuma."

Wazee wakaigeuza, wakaona muhuri. Bibi Mokami naye akapewa. Akaitazama, kisha akainua macho akamtazama mwanawe. Mimi machozi yalinitoka.

Sylvester akasimama. "Mbingu hii si ya siku ile. Nimeipaka mimi. Moshi ulikuwepo, nikaufuta."

"Rika langu!" Nashoni akapaza sauti. "Unanisaliti mbele ya watu?"

Ebo! Msaliti ndiye analia kusalitiwa!

"Ile yenye moshi iko wapi?" akauliza Mzee Heche.

"Sina. Aliniambia nifute."

Wakaguna. Mzee mmoja akasema mtoto lazima amtetee mama yake, atasema lolote. Pale nikashindwa. Si mahali pangu, mimi mwanamke, tena mtoto wa watu wa pwani, lakini nilisimama nikapiga kelele. "Muulizeni alijibu nini asubuhi ile alipoulizwa habari za mama!"

Mzee Heche hakunikemea. Akamgeukia Nashoni taratibu. "Ulilala umetoka kuzima moto. Asubuhi ukaonana na mwana wa mwenye nyumba. Ulimwambia mama yake ameunguliwa?"

Nashoni akageuka kumtafuta Sylvester kwa macho.

"Ulimwambia, au hukumwambia?"

Kimya. Watu wote walielewa: asiye na hatia angepeleka habari ya moto kabla ya picha. Wazee wakaamua Nashoni ajenge nyumba na kujaza ghala, na amejenga, tena kwa bati, roho ikimuuma.

Watu wakadhani yameisha. Sylvester naye akadhani hivyo. Kilichomuumiza ni usaliti wa Nashoni, akawa ananiambia, "Dada, tulisimama bega kwa bega." Nami namjibu kikulacho ki nguoni mwako, kunywa chai.

Wiki nyumba ilipokamilika, Bibi Mokami alikuja Mugumu. Nilimwona akishuka, nikatoka kumwamkia, tukaingia wote studio. Alikuwa mchangamfu, amevaa kitenge nilichomshonea.

"Nimekuja kuchukua picha yangu," akasema. "Ile ya ukutani iliungua. Ukuta mpya hauna kitu."

Sylvester akaitoa dirishani haraka, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akampa. Mama akaishika kwa mikono miwili, akatabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya kichwa chake mwenyewe, pale kwenye bluu.

"Sylvester."

"Naam, mama."

"Na hii?"

Nilitamani adanganye. Mungu anisamehe, nilimkonyeza kabisa adanganye.

"Siku ile kulikuwa na mawingu, mama," akasema. "Mbingu ilikuwa kijivu."

Bibi Mokami akaitazama tena. "Mimi nakumbuka hivi," akasema, akiigonga picha kidogo. "Miaka yote nawaambia watu hivi."

Akaiacha juu ya meza, akaniomba nimsindikize stendi.