Mdoli wa Studio ya Sa Dec

Khiem alimsingizia dada yake kwamba ndiye aliyemuua mama yao. Wakati huo alikuwa na miaka kumi, na Thoa saba.

Mama alikuwa amewapeleka wote wawili studio, mjini Sa Dec. Kwao, watu watatu hawapigwi picha pamoja; huaminiwa wa katikati hutangulia kufa. Kwa hiyo mpiga picha aliweka mdoli wa kitambaa pembeni, awe wa nne. Picha ilipotoka, mdoli hakuwamo. Kabla ya mwaka mpya mama akafa kwa homa. Shangazi zao watatu wakauliza nani aliyemtoa mdoli.

"Thoa," akasema Khiem. "Alimtaka wa kuchezea."

Picha yenyewe ilionyesha watu mpaka mapajani tu. Shangazi wakaukata uso wa mama wauweke kwenye madhabahu ya nyumbani, kilichobaki kikatupwa. Tangu hapo, kila siku ya kumkumbuka mama, Thoa huosha vyombo jikoni. Uvumba wa kumheshimu mama huwashwa na wengine; yeye haruhusiwi. Posa hazikuja, nani aingize mkosi nyumbani?

Hakwenda shule. Maandishi ya nyuma ya picha kwake ni nyayo za kuku, lakini nyuso anazisoma. Alianza kununua picha kuukuu kwa Bi Lanh, mwenye mkokoteni wa vitu chakavu. Alitaka hasa zile za watu watatu.

"Nyumba yako imejaa watu, shoga," Bi Lanh alimwambia, "na hakuna hata mmoja anayekusaidia kumaliza wali."

"Angalau hawanisengenyi."

"Unajuaje? Ukienda sokoni wanaanza."

Kazi yake ilikuwa kulinganisha. Akimpata msichana wa katikati, alimtafuta katika picha nyingine, masikio kwa masikio, kidevu kwa kidevu, mpaka amkute na mvi. Kwa miaka ishirini alikuwa amewapata kumi na mmoja waliozeeka. Aliwabandika ukutani juu ya kitanda. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mwaka huu wajukuu wa mpiga picha walifunga studio, na Bi Lanh akaleta sanduku zima. Chini kabisa palikuwa na picha ile ile ya siku ile, kubwa, ya kuonyeshwa dirishani mwa studio, nzima mpaka miguuni. Mama katikati. Thoa kushoto, mikono yote miwili juu ya goti la mama. Khiem kulia, mikono nyuma. Na kati ya miguu yake, kwa nyuma, ilining'inia miguu miwili ya kitambaa.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, Thoa aliingia kwa kaka yake kwa mlango wa mbele.

"Kaka, tazama hapa."

Khiem alivaa miwani. Alitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Nilikuwa mtoto, Thoa."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Mambo ya kale hayo. Nenda jikoni ukale, samaki anapoa."

Khiem alitaka kuikunja picha aitie mfukoni. Thoa akaichukua, akaondoka bila kula, akaibandika mwenyewe chini ya wale kumi na mmoja.

Khiem bado anadaiwa neno moja: "Ni mimi niliyemtoa." Alitamke mbele ya uso wa mama, ndugu wakisikia, kisha amkabidhi dada yake uvumba. Shangazi wawili wameshakufa wakiamini uongo. Amebaki mmoja, naye sikio la kushoto halisikii tena.