Masizi Kwenye Ndiva

Kila sikukuu ya mavuno, ibada ikiisha na kabla mnada wa mahindi na kuku haujaanza, mimi ndiye ninayepewa kiti mbele ya kanisa nieleze mambo ya zamani. Wenye darasa kubwa wapo, tena wengi, lakini wakisimama wao watu wanasinzia. Mimi niliishia darasa la pili, na nikifungua mdomo hata majogoo waliofungwa miguu wananyamaza. Nasema hivyo bila aibu.

Nilikuwa nikieleza wakati wa Mwingereza, tulivyoishi huku milimani juu ya Same. Nawaambia habari za ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilojenga mababu zetu. Maji ya kijito yanajaa humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa, yanateremka mferejini kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Baragumu likilia watu wote wanatoka msaragambo, kazi ya pamoja, wanaume wanazoa tope, wanawake wanabeba mawe, na makande yanatokota kwenye vyungu vikubwa. Nikifika kwenye makande, vijana wanapiga makofi. "Bibi, zamani kulikuwa na raha!" Nami naitikia, "Raha tupu, wajukuu zangu."

Uongo sikusema. Nilikuwa nachagua tu, kama mtu anavyochagua maharage, mabovu pembeni. Sikusema kwamba asiyetoka msaragambo alikuja kuchukuliwa mbuzi wake huku watoto wakilia. Sikusema habari za funza kwenye vidole vyangu, wala karani wa kodi aliyemwangusha babu yangu kifudifudi mbele yetu. Na mama mjane wa nyumba ya chini yetu sikuwahi kumtaja hata mara moja.

Mwaka huu, wakati nasifia ndiva, nilimwona mwanamke wa umri wangu amekaa benchi la kwanza. Simjui. Wengine wanacheka, yeye ananitazama tu. Nilipomaliza alinifuata nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Habari yako, mama wa hadithi."

"Nzuri. Karibu. Umetoka wapi?"

"Hedaru. Nimepanda na gari ya asubuhi. Hunijui?"

"Sikujui."

"Nitazame vizuri. Hili kovu kwenye nyusi ulilitia wewe, kwa jiwe, tukichunga mbuzi."

Alikuwa binti wa yule mjane. Tangu waondoke sikuwa nimemtia machoni.

"Umesema vizuri sana," akaendelea. "Makande umeyasifu. Sisi hukututaja."

"Dada, muda ulikuwa mfupi."

"Makande yamepata muda."

Nikajifanya najifunga khanga upya.

Ngoja nieleze kilichomleta. Wakati ule ndiva ilikuwa na mwiko mmoja mkubwa: chombo kilichokaa motoni kisiguse maji yake. Kibuyu sawa, mtungi sawa. Sufuria yenye masizi, hapana. Wazee walisema ndiva itakasirika ipasuke, na baada ya hapo tungekula nini? Kila mtoto alilijua hilo kabla hajajua kufunga nguo yake.

Mwaka mmoja jua lilikuwa kali, kijito kimebaki kama uzi. Mama aliniachia kazi ya kuchota maji, nikaangusha kibuyu kikapasuka. Mama yangu alikuwa na mkono mzito. Nikaona heri nichukue sufuria ya makande, niwahi, nirudi, maji yakutwe nyumbani. Niliitumbukiza kwenye ndiva. Masizi yakatoka yakaelea, meusi, yanazunguka polepole kama wadudu. Nikajaribu kuyafukuza kwa mkono, yakazidi kutawanyika. Nikakimbia. Nyumbani nikaisugua ile sufuria kwa mchanga na jivu mpaka ikawa nyeupe kitako kizima.

Kesho yake ukingo wa ndiva ulibomoka. Siku hizi najua ulikuwa na nyufa tangu zamani. Lakini masizi yalionekana kandokando, na kwenye tope palikuwa na nyayo za mtoto. Wazee wa ndiva wakasema watapita nyumba kwa nyumba kutazama vyombo, na sufuria itakayokutwa haina masizi ndiyo iliyoingia majini. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao.

Mama aliiona sufuria. Hakuniuliza kitu na hakunipiga, na hilo lilinitisha kuliko kipigo. Alichukua majani mabichi akayatupa kwenye moto, moshi ukajaa nyumba nzima, akaigeuza sufuria juu ya moshi akaishika hapo, anakohoa, machozi yanamtoka, mpaka ikawa nyeusi tena. Wazee walipofika walikuta sufuria kama ya watu wote.

Kwa mjane hawakuikuta hivyo. Yule mama alikuwa msafi kupita kiasi. Uwanja wake ulifagiwa mara mbili kwa siku, na sufuria yake, aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka mkongeni, ilikuwa inang'aa ndani na nje.

"Hii mbona inang'aa mpaka chini?" mzee mmoja akauliza.

"Naisugua kila jioni. Njooni hata kesho, mtaikuta hivihivi."

"Nani anasugua kitako cha sufuria? Kitako kinaliwa?"

Wanawake wakacheka. Mama yangu naye alicheka, nilimsikia. Na mjane alikuwa na binti mwenye mguu sawa na wangu. Na msaragambo wa mwisho hakutoka, alikuwa mgonjwa. Na hakuwa na mwanamume wa kumsemea barazani. Yakaungana hayo, ikatosha. Akachukuliwa mbuzi, akaondolewa kwenye zamu ya maji mpaka mvua. Mvua haikuja. Tulikuwa tukipita kando ya shamba lake, maji yetu yanapita mferejini mbele ya mahindi yake, na mahindi yake yanakunjamana. Sikuwahi kumsikia akitukana. Siku moja alifagia uwanja, akafunga mlango, akateremka na binti yake kwenda mashamba ya mkonge karibu na reli. Sufuria aliibeba kichwani.

Sasa binti huyo alikuwa mbele yangu, ananishika mkono.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja, maana waliokuwepo tumebaki wewe na mimi. Kule mkongeni mama hakumaliza mwaka. Homa ya bondeni. Ikimpanda anasema, 'Sikupeleka sufuria.' Nami nilikuwa nimechoka, nakata majani ya mkonge vidole vinatoka damu, nataka kurudi huku kwenye ndizi. Nikamwambia, 'Mama, kubali tu kwamba ulipeleka, tuombe radhi, turudi.' Akanitazama, akageukia ukutani. Amekufa hivyo, hatusemeshani. Maisha yangu yote najiuliza. Ninyi mlikuwa majirani. Niambie: alipeleka?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Ni neno jepesi kwa mtu wa umri wangu, kila mtu analikubali. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Hakupeleka," nikasema. "Nilipeleka mimi."

Nikamweleza yote, na majani mabichi nikamweleza.

"Moshi ule niliuona," akasema taratibu. "Nilikuwa nje. Nilisema moyoni, wenzetu wanapika."

Akauachia mkono wangu. Nilingoja anitemee mate au alie. Aliegemea tangi tu, akatazama chini bondeni, kule ambako siku isiyo na ukungu unaona mashamba ya mkonge yamepangwa mistari.

Kisha akasema, "Nenda ukaseme."

"Wapi?"

"Kwenye kiti chako."

"Dada, watu wako kwenye mnada."

"Vizuri. Wapo wengi."

Nitasema ukweli, nilichoogopa si Mungu, yeye anajua tangu siku ile. Niliogopa kiti. Niliogopa kwamba mwakani atapewa mwingine. Hata hivyo nilikwenda. Nikamwambia mwendesha mnada aniachie dakika chache, naye akaniachia, ameshika jogoo mkononi.

Nikasimama, sikukaa. Nikasema kibuyu kilipasuka, nikachukua sufuria. Watu wakaanza kutabasamu. Nikasema nilivyofukuza masizi kwa mkono, wakacheka. Nikasema, "Msicheke," wakacheka zaidi, wamezoea, wanajua bibi akisema msicheke ndipo penye utamu. Nikasema habari ya mama na moshi, mama mmoja alijipiga paja, "Akili ya wazee hiyo!" Nikasema, "Mjane wa watu alifukuzwa kwa kosa langu, akafia bondeni." Hapo palitulia kidogo. Mtoto fulani akalia, akabebwa pembeni.

Nikafikiri wamesikia.

Mwendesha mnada akainua jogoo. "Mnaona, ndugu zangu! Zamani maji yalikuwa na heshima! Mtu akichafua, anahamishwa kijiji! Siku hizi watu wanafulia nepi mferejini na hakuna wa kuwauliza! Tumpigie makofi bibi yetu!"

Wakapiga. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya asubuhi. Mjukuu wangu alikuja kunikumbatia. "Bibi, leo umetisha. Hiyo hukuwahi kutusimulia."

Nilimtafuta yule mwanamke wa benchi la kwanza. Alikuwa ameshajitanda khanga yake, anatoka. Nikamfuata mpaka barabarani, nikataka kumbebea kikapu, akakihamishia mkono wa pili.

"Nimesema," nikamwambia.

"Nimekusikia."

"Wao hawakusikia."

"Watasikiaje? Umewalisha makande miaka yote hiyo." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Wewe unajua kuandika?"

"Kidogo. Darasa la pili."

"Basi andika. Mdomo wako wameuzoea."

Gari ikaja, akapanda. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Niliona kichwa chake dirishani mpaka kwenye kona, hakugeuka.

Kwa hiyo nimeomba daftari kwa mjukuu, na herufi zangu ni kubwa na zinapanda juu kama mbuzi. Mwakani wakinipa kiti sijui nitasema nini. Maji ya ndiva yalikuwa matamu, hilo sitalikana, bado nayasikia kooni. Lakini niliyanywa mwaka ambao mwingine alinyimwa, na alinyimwa kwa ajili yangu.

Yule mama hakupeleka sufuria kwenye ndiva. Sufuria yake iling'aa kwa sababu aliisugua kila jioni. Binti yake sasa anajua, ila mama yake hayupo wa kuambiwa.