Sajini wa Jukwaani

Kuna watu wakikaa kitini, kiti ndicho kinachochoka. Sajini alikuwa hivyo tangu aliporudishwa mjini. Nyumbani kwa mama yake alikunywa chai amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukisogeza pazia, ingawa nje hakukuwa na lolote ila fundi baiskeli na kuku wake.

"Keti, mwanangu. Chai haikimbii," mama alimwambia.

Alikaa. Mama hajamaliza kumshukuru Mungu, kashasimama tena.

Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Watu walipenda kuamini ni risasi. Ukweli ni kwamba lori la unga lilirudi nyuma kambini, dereva akibishana na mwenzake habari za mpira, likambana ukutani. Askari wa goti moja hapelekwi mpakani, kwa hiyo wakubwa wakamtia kwenye kikosi cha kuwaita vijana jeshini.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Walikwenda kwenye viwanja vya mpira na shule, wakafunga vipaza sauti, wakatundika skrini pana kama ukuta. Katika filamu yao vijana waliteremka kwa kamba kutoka kwenye helikopta, nyuso zimepakwa rangi, meno meupe, ngoma zikidunda. Filamu ikiisha, mshereheshaji alinguruma, "Huyu hapa simba jike, aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi!" Hapo Sajini alipanda jukwaani akichechemea, makofi yakalipuka, naye akasema maneno aliyokaririshwa: utasafiri, utasoma, utaheshimika.

Safari aliijua. Ilikuwa ya nyuma ya lori, magunia chini na vumbi juu, hadi kilima chenye tangi la maji, na hapo akalilinda tangi hilo mvua mbili na kiangazi kimoja. Helikopta aliiona mara mbili, na mara zote aliambiwa afagie uwanja ili wakubwa wasipate vumbi. Vidole vya miguu vilimwozea ndani ya buti. Alichimba shimo, akaamriwa alifukie, kesho yake akaulizwa shimo liko wapi. Baba yake alipofariki, ruhusa ya kwenda kuzika ilifika udongo umeshakauka. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kungoja. Walingoja gari, chakula, amri na adui, na adui mwenyewe hakuwa na haraka.

Haya yote hakuyasema jukwaani. Alishuka, akatembea kuzunguka gari mpaka wenzake wakamaliza kukunja skrini.

Basi siku moja alikuwa uani akifua, mdogo wake akatoka kazini. Huyu aliuza dawa kwenye duka karibu na stendi, msichana mtulivu, mwenye kusikiliza kikohozi cha kila mtu. Alivua viatu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, wiki iliyopita nilikuwepo kiwanjani. Nilijificha nyuma usinione."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kukusikiliza. Wiki ijayo mkirudi kuandikisha, nitapanga foleni."

Sajini alikamua shati ambalo lilikuwa limeshakamuliwa. "Una kazi ya kivulini, watu wanakuita daktari. Unatafuta nini kule?"

"Nimechoka kusimama nyuma ya meza nikiona wenzangu wanapita."

Ndipo alipomweleza. Alimweleza tangi, buti na shimo, na mwisho akamweleza habari ya Mrefu, askari mwenzake wa kule kilimani, ambayo hata mama hakuijua. Kulipokuwa kunapambazuka walisikia milio, kila mtu akajitupa mtaroni, wakafyatua risasi kuelekea vichakani bila kuona mtu. Jua lilipotoka, vichaka vilikuwa vitupu na tangi lina matundu kama chujio. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikuwa bado wanacheka mtu alipouliza Mrefu yuko wapi.

"Alikuwa hatua chache kutoka kwangu," Sajini alisema. "Mpaka leo hatujui ilikuwa risasi ya nani."

Mdogo wake alisogeza ndoo karibu naye. "Pole, dada. Lakini baada ya hapo ulikaa miaka. Mbona hukutoka?"

Sajini aliinua beseni la nguo. Akaenda kuanika. Swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akalala nalo, akaamka nalo, akapiga nalo buti rangi.

Siku ya kuandikisha ilifika. Foleni ilizunguka goli, na mdogo wake alikuwa katikati, kavaa raba mpya. Mshereheshaji akanguruma maneno yake ya damu na simba. Sajini akashika kipaza sauti.

"Hili goti ni lori," alisema. "Lori la unga."

Umati ukacheka ukidhani ni utani. Akaendelea kwa sauti ileile ya kila siku, akawaambia miguu itaoza, akawaambia watangoja mpaka wasahau wanachongoja. Alipofika kwenye milio ya alfajiri, kipaza sauti kikafa. Kapteni wa kikosi chao alikuwa ameshachomoa waya mwenyewe.

"Sajini," kapteni alimwambia nyuma ya gari, bila ukali, "muuza maharage hataji wadudu."

"Mnunuzi atawakuta sufuriani, afande."

"Atakuwa ameshalipa."

Wachache walitoka kwenye foleni, zaidi wale waliokuja na mama zao. Mdogo wake hakutoka. Alipimwa urefu, akakaguliwa meno, akakimbizwa kuzunguka uwanja, akapita. Wiki iliyofuata aliondoka na begi dogo, na Sajini akahamishiwa stoo ya mablanketi, mahali pasipo na wa kuhutubiwa. Mama hakumlaumu kwa maneno. Alikuwa tu akipika kwa ajili ya watatu, akikumbuka, akirudisha kopo moja la mchele kwenye gunia.

Ilipita miezi kabla simu haijalia. Sajini aliipokea akiwa mlangoni.

"Dada, hukunidanganya hata kimoja. Miguu imeharibika."

"Paka mafuta, badilisha soksi mchana. Unataka kutoka?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za wasichana, mmoja akiimba vibaya, wengine wakimzomea. Mdogo wake alicheka, kicheko kikubwa ambacho dukani hakuwahi kukitoa.

"Sijui. Nikilala naapa kesho natoka. Nikiamka nawatazama hawa vichaa, nasema nitoke niende kwa nani? Wewe ilikuwaje?"

"Hivyohivyo," Sajini alisema, na alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kumkwaruza.

"Ungeniambia hilo siku ile."

"Siku ile sikulijua."

Filimbi ikapigwa huko, simu ikakatika. Mama akatoka jikoni akipangusa mikono, akauliza mtoto ana hali gani.

"Anacheka," Sajini alisema. Akaitia simu mfukoni, akaitoa akaitazama, akatoka nje kutembea na goti lake bovu hadi mwisho wa mtaa, kisha akaupita.