Nembo za Kuzikana

Wifi yangu Kemilembe anakaa kwangu hapa Kamachumu sasa, na mashine yake ya kudarizi iko chumbani kwake, imefunikwa kanga. Watu wakija kumwomba awatengenezee beji anawaambia mashine ni mbovu. Si mbovu. Nimewahi kuichomeka mwenyewe alipokwenda kisimani, ikawaka taa zake zote. Ila sikumwambia, maana ukimgusa pale panapouma anaweza asiseme nawe mpaka jogoo atage.

Na mjue kwamba si mtu wa kupendwa haraka. Mimi ni dada wa mumewe, nimekaa naye jiko moja, nina haki ya kusema. Shingo yake ngumu. Ukimwambia kitambaa kimekaa upande, atakujibu ni jicho lako lililokaa upande. Lakini mikono yake ina baraka, na hilo hata wale wanaomchukia kule Ijuganyondo, alikokuwa akikaa na mumewe, hawawezi kulikana. Watalikanaje, na kazi yake wameivaa kifuani?

Kaka yangu Aroni alimwoa akiwa fundi cherehani wa kawaida, wa sare za shule na kufupisha suruali. Baadaye mwalimu mmoja aliyekuwa anahama Bukoba akamwuzia ile mashine. Ni ndogo, ya nyumbani, ya sindano moja. Unaiweka juu ya meza, unaichomekea mchoro kwenye flashi, unabana kitambaa kwenye fremu, nayo inadarizi yenyewe. Aroni alimcheka sana, akasema mkewe ameleta redio isiyoimba. Mungu hakuwapa mtoto, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kutaniana hivyo mchana kutwa, yeye akitoka kwenye migomba na mkewe akiwa mezani.

Alianza na nembo za shule, zile za kubandika kwa pasi. Kazi hiyo nimeitazama mara nyingi. Nembo ikishadariziwa anaikata pembeni kwa mkasi mdogo, anaupitisha ukingo karibu na mshumaa ili nyuzi zisichomoke, halafu mgongoni anabandika karatasi ya gundi aliyokuwa akiinunua kwa Shaban, muuza nyuzi wa Kashai. Kisha inawekwa juu ya shati, kitambaa kibichi juu yake, na pasi ya mkaa. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanaivuta ingali ya moto waone kama imeshika, nayo inaachia. Kemilembe alikuwa anaipiga pasi mara mbili, juu na kwa ndani, halafu anaiacha ipoe kabisa. Nilimwuliza siku moja kama anasubiri iote mizizi, akasema ndiyo, ndicho anachosubiri.

Basi, kiharusi kikampata Aroni akiwa anakata mkungu. Upande mmoja ukafa, na ulimi ukawa mzito. Tangu siku hiyo Kemilembe akawa mtu wa ndani: kumgeuza mume, kumlisha, kumfulia, kisha kurudi mezani kwenye mashine, maana ndiyo iliyobaki kuwalisha.

Sasa niwaambie habari ya bataka, kwa wasiotoka kwetu. Bataka ni kikundi cha kuzikana. Kila mtaa una wake. Mtu akifa, wao ndio wanaochimba kaburi, wanaoleta nyasi za kutandika, kuni, maji na ndizi. Mfiwa hashiki kitu. Lakini ni kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na sharti ni kwamba uende wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Ukikosa misiba mitatu mfululizo unatengwa. Ukitengwa, siku ikifika kwako, hakuna mwanachama wa kukanyaga uani kwako. Na usiseme una mgonjwa ndani, kila nyumba ina mgonjwa.

Mwenyekiti wa kikundi cha mtaani kwao ni Karugendo, mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka. Zamani wanachama walikuwa wanavaa utepe wa pini ili watambulike msibani. Watu ni watu, wakaanza kuazimana. Huyu anaonekana asubuhi, anauchomoa utepe, anampa shemeji yake aonekane mchana, na yeye anakwenda zake mnadani. Karugendo akawa anaumwa kichwa. Ni Kemilembe huyu huyu aliyempa dawa. Alimwambia waachane na pini, atawatengenezea nembo ya kubandika kwa pasi, ikae kwenye shati moja la msiba la kila mtu na isitoke tena. Akachora jembe na mgomba, vimepishana, na duara la kijani kuzunguka. Mzee alifurahi mpaka akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Wakati huo Kemilembe alikuwa amekwisha kukosa msiba mmoja, siku Aroni alipoanguka kutoka kitandani akapasuka paji la uso. Ukaja wa pili, mke wa mzee Kashaija, na Karugendo akataka nembo zote ziwe tayari kwa maziko hayo hayo. Mashine ya sindano moja huwezi kuiacha ukaenda matembezi. Kila rangi unabadilisha uzi. Uzi ukikatika haijui, inaendelea kutoboa kitambaa bure. Na umeme siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka. Wanachama walipita asubuhi na mashati yao, akawabandikia mmoja mmoja, mashati ya mwisho akayatuma kwa bodaboda yakiwa ndiyo kwanza yamepoa. Mama akazikwa, na kila kifua pale makaburini kilikuwa na jembe na mgomba. Yeye hakuonekana.

Ninajua alivyofikiri, maana aliniambia. Alifikiri amefika. Alifikiri mkono wake ukiwa kwenye kila shati, basi yuko pale kuliko mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu anayefanya kazi vizuri. Msiba wa tatu ulipokuja Aroni alikuwa amezidiwa, Kemilembe hakwenda, na wala hakutuma neno. Aliamini ana akiba kwao.

Wakamwita kwenye kikao. Alieleza habari za nembo, kwa ule mdomo wake usiojua kubembeleza. Karugendo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema asiyekuwepo na lake halipo, na kwamba kikundi hakiziki kwa nembo, kinazika kwa watu. Wakamtenga.

Njia ya kurudi ilikuwepo, nisiwasingizie. Unapeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, unapiga magoti mbele ya kikao, unaomba radhi, yanaisha. Nilisafiri kutoka Kamachumu kwenda kumsihi. Nikamwambia, wifi, magoti hayana mfupa wa dhahabu, piga tu. Akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hata kama hujakosa. Akaendelea kukata ukingo wa beji ya shule fulani kwa ule mkasi wake mdogo, hakunitazama. Na Aroni kule kitandani alikuwa anatusikia, maana machozi yalikuwa yanamtoka upande ule mmoja uliobaki hai. Niliondoka nimekasirika, nikiwakasirikia wote.

Aroni akafa kabla ya mvua za masika kukolea.

Kumpeleka kwetu Muleba tulikozaliwa haikuwezekana. Kibanja cha baba, shamba la migomba la ukoo, kiliuzwa zamani, na mwenyewe alikuwa amesema azikwe kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Nikaja na mume wangu Rwekaza, mzee wa kanisa huku kwetu Kamachumu, ambaye ana ngiri, na mwanangu Joackim. Joackim ni mwihwa, mtoto wa dada wa marehemu, na kwetu mwihwa ana nafasi yake kaburini kwa mjomba, lakini si ya kuchimba peke yake. Wazee wawili wa ukoo walikuja na fimbo zao. Tulipofika uani hapakuwa na moto. Hapakuwa na nyasi, hapakuwa na mtungi wa maji. Mimi mfiwa nilikata nyasi mwenyewe, nikapika uji wa msiba wa kaka yangu mwenyewe, majirani wakitazama kwenye nyufa za ua wao. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Shaban wa Kashai alisikia, akafunga duka lake la nyuzi, akaja na mdogo wake Hafidhi. Wao ni Waislamu, hawamo kwenye kikundi, hakuna aliyeweza kuwakataza. Wakavua viatu wakaingia kaburini na Joackim. Watu wa dukani hao, mikono yao imezoea kupima uzi. Udongo wa pale ukishafika kiunoni unakutana na jiwe. Siyo kokoto, ni jiwe lililolala kama sakafu. Panahitaji sururu tatu, nne, na wanaume wa kupokezana. Sisi tulikuwa na sururu moja, mpini wake umelegea. Walipiga tangu asubuhi, jiwe likawa linatoa cheche tu. Hafidhi viganja vilipasuka, akavifunga kwa leso akaendelea. Mwinjilisti Mushumbusi alikuwa ameshika kitabu chake, anatazama mawingu yanayopanda kutoka ziwani. Jeneza liko kwenye viti viwili chini ya mgomba. Tulichokitaka siku ile kilikuwa kimoja tu, shimo liwe na kina cha mtu.

Ndipo tukawasikia. Kikundi kilikuwa na maziko mengine siku hiyo upande wa Kitendaguro, na njia ya kurudi inapita mbele ya kwa Aroni. Wakaja wengi, majembe begani, sururu begani, sururu mpya zinazong'aa, na kwenye kila kifua jembe na mgomba ndani ya duara la kijani. Walipofika usawa wetu wakanyamaza. Karugendo akavua kofia, akapita nayo mkononi. Heshima hiyo.

Onesphory akabaki nyuma. Huyu alikuwa rafiki wa kaka yangu, wa kunywa rubisi kwenye kibuyu kimoja, na Aroni, alipokuwa mzima, ndiye aliyemchimbia baba yake Onesphory kaburi kwa mikono yake. Alisimama langoni na sururu yake. Akatutazama, akaliona jeneza, akamwona Hafidhi na leso zenye damu. Akapeleka mkono kifuani akaanza kuikwangua ile nembo kwa ukucha, maana sheria yao ndiyo hiyo, mwenye nembo hakanyagi kwa aliyetengwa. Akakwangua ukingo wa juu, akakwangua wa chini. Akaiuma ncha ya shati kwa meno ili apate kuvuta vizuri. Haikutoka.

Mimi nilishindwa kuvumilia. "Onesphory," nikamwambia, "shati linavuliwa. Vua uingie."

Alinisikia, sote tulimsikia akishusha pumzi. Vidole vilikwenda kwenye kifungo cha kwanza, nikasema moyoni, Mungu wangu, anaingia. Kule mbele Karugendo alikuwa amesimama, amegeuka, anamtazama. Na Onesphory ana mama mzee ndani, kila mtu anajua kwamba siku zake ni za kuhesabu. Nani angemzika? Kile kidole kikakaa kwenye kifungo, kikakaa, kisha kikashuka. Akaiweka sururu vizuri begani akawafuata wenzake.

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua, mwinjilisti akajifanya anatafuta ukurasa. Nikamgeukia wifi yangu nikitaka naye aseme, alie, atukane, afanye chochote. Alikuwa amesimama karibu na jeneza, mkono mmoja juu ya mbao, macho yake bado yako langoni pale Onesphory alipokuwa amesimama.

"Niliipiga pasi mara mbili, wifi," akasema. "Haiwezi kutoka."

Joackim akapiga jiwe tena mara kadhaa, kisha mpini wa sururu ukachomoka. Hakuna aliyeurudishia. Shaban akatoka shimoni akanawa mikono, akauliza kwa upole kamba za kuteremshia jeneza sisi huwa tunazishikaje, tukamwelekeza. Rwekaza na ngiri yake akashika upande mmoja. Mvua ilianza mwinjilisti akiwa katikati ya sala, na kaka yangu tukamzika kina cha kiunoni, juu ya jiwe.